Anzia Mlangoni mwa Jikoni
(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia kuhusu kilimo cha kudumu)



Leo tunazungumza juu ya kilimo cha kudumu, ambacho wengine hukiita pamakacha. Jina hilo lilitoka Australia kwa Bill Mollison na David Holmgren, waliotoa kitabu chao juu ya jambo hili mwaka 1978. Maana yake si ngumu. Ni kulima kwa namna ambayo udongo unazidi kunona badala ya kuchoka, na kila kitu cha nyumbani kinafanya kazi zaidi ya moja. Kuku anataga, anakula wadudu, na anatupa mbolea.

Msifikiri haya ni mambo ya wageni tu. Hapa Ukambani vikundi vya mwethya vimechimba matuta ya fanya juu kwa miaka mingi. Kwa nini udongo unatupwa upande wa juu? Ili maji yasimame, na udongo usiende mtoni. Basi mwanzo wa somo mnaujua tayari.

Lakini tunapotembelea vikundi, kuna jambo tunaloliona mara nyingi. Kikundi kinaanza kwa nguvu, kinalima ekari nzima, tena mbali na nyumbani. Wiki ya kwanza watu wote wanakuja. Mwezi wa tatu wamebaki akina mama watano, na mitungi mgongoni. Mboga zinakauka, halafu lawama zinaanza: nani hakuja? Pesa za mbegu zilienda wapi? Bustani ikifa, na kikundi nacho kinaanza kufa. Kwa hivyo neno letu kubwa ni hili: anzeni padogo, na anzeni karibu na mlango wa jikoni.

Kwanza, tazama kabla ya kushika jembe. Mvua ikinyesha, toka nje uone maji yanapita wapi na yanasimama wapi. Tazama pia jua, kivuli, na njia ya mbuzi na kuku. Kitanda cha mboga kiwe mahali unapopita kila siku. Ukipita utaona mdudu mapema, na maji ya kuoshea vyombo hutayabeba mbali.

Pili, hesabu maji yako. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Bati la nyumba ya mita 10 kwa mita 5 likipata mvua ya milimita 20, hiyo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20! Hata mengine yakipotea, hayo yaliyobaki ni safari ngapi za mtoni? Kama tangi hamna, chimba mfereji mdogo uyalete maji kwenye kitanda.

Tatu, chimba kitanda kimoja tu. Upana uwe kama mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga ndani. Urefu wa mita 3 unatosha kuanza. Toa udongo wa juu, uweke kando. Legeza ule wa chini kwa jembe la meno, kisha rudisha wa juu ukiwa umechanganywa na mbolea ya boma iliyooza vizuri. Palipo na mvua nyingi kitanda huinuliwa. Huku kwetu kikavu, kiache kiwe chini kidogo ya ardhi, ili kila tone likae.

Nne, lisha udongo. Panga majani makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Nyunyizia maji, funika, na uchomeke kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe: kikiwa na joto, kazi inaendelea, kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Pindua kila baada ya wiki mbili au tatu. Kwa muda wa miezi mitatu hivi utakuwa na mboji nyeusi yenye harufu ya msitu. Kitanda chenyewe kifunike kwa nyasi kavu, jua lisinywe maji yako.

Tano, changanya mimea. Panda sukuma wiki, kunde, mchicha na vitunguu pamoja. Maji ya bafuni yaelekeze kwenye shimo la takataka, na kando yake panda ndizi na mipapai. Maji ya sabuni yamwagwe kwenye udongo, si juu ya majani ya mboga, na yenye dawa ya kung'arisha nguo yasifike bustanini kabisa.

Sasa, shida zipo, hatuwezi kuwaficha. Mabua ya mahindi ng'ombe anayataka, na wewe unayataka ya kufunika kitanda. Mpe ng'ombe mabua, wewe tumia magugu yasiyo na mbegu na majani ya miti. Mchwa nao watakuja. Kuku watachakura, basi weka ua wa miiba kabla ya kupanda. Na kitanda kimoja hakitachukua nafasi ya shamba la mahindi. Kitampa mtoto mboga, na shilingi ya mboga itabaki mfukoni.

Je, kikundi kitafanya nini basi? Rudini kwenye mwethya. Wiki hii wote wanachimba kwa mwanachama mmoja, wiki ijayo kwa mwingine, mpaka kila boma lina kitanda chake. Mjane na mzee wasio na nguvu waanze. Hapo hakuna wa kuuliza nani hakuja, maana kila mmoja anamwagilia chakula chake. Kila mtu aache mashina machache ya kunde na mchicha yakomae, alete mbegu kikundini.

Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo tunazozitegemea zaidi huku. Vitanda na mboji viwe tayari kabla yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Maji ya mvua hupotelea wapi katika boma lako?
2. Ni takataka gani tunazochoma ambazo zingekuwa mboji?
3. Tutaanza kuchimba kwa nani, na siku gani?