Mji Mdogo na Maji Yake: Mali bila Daftari

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama. Twayatia humu kwa ajili ya wale ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya kuutengeneza mji mdogo, yaani mifereji yake, visima vyake, njia zake na taa zake, na fedha za kuyafanya yote hayo. Tutayasema zaidi ya maji, kwani aliyekwisha kuifahamu habari ya maji hatapata taabu kuyafahamu hayo mengine.

Sisi wa visiwa hivi tuna habari ndefu na maji. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja, na zama hizo watu wa mjini walikuwa wakinywa maji ya visima vilivyokuwa karibu na uchafu. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, akayaleta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi ya nje ya mji. Ilikuwa sadaka kubwa, na hata leo jina lake hutajwa kwa heri kwa sababu yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nako, kwa miongo mingi maji yalikuwa bure. Lakini wema huo ulituachia mazoea yasiyokuwa mema. Tulidhani kwamba, kwa kuwa maji yatoka kwa Mwenyezi Mungu, basi na bomba nalo latoka kwake, wala halizeeki. Sheria ya Maji ya 2006 ikaunda Mamlaka ya Maji Zanzibar, na watu waliozoea kunywa bure wakaanza kudaiwa. Wengi wetu tulinung'unika. Leo hatukuja kunung'unika. Twataka kuuliza: je, anayelipa ana haki ya kujua nini?

Ili tupate jawabu tumechagua mji ulio mbali sana, asiwepo mtu wa kusema kwamba twamsengenya jirani. Tena tumeuchagua kwa sababu yaliyotokea huko yalichunguzwa hadharani na jaji, na taarifa yake ikachapishwa kila mtu akaisoma.

Mji huo waitwa Walkerton, katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada. Katika mwaka 2000 wakazi wake hawakufika elfu tano. Haukuwa mji wa kimasikini, na kila nyumba ilikuwa na mfereji. Maji yalitoka visimani, na kimoja katika visima hivyo, Kisima cha 5, kilichimbwa 1978. Kilikuwa kifupi, na karibu yake palikuwa na mashamba ya ng'ombe. Mwezi wa Mei 2000 ikanyesha mvua kubwa kwa siku kadhaa, hasa usiku wa tarehe 12, ikaipeleka samadi ndani ya kisima. Mwenye shamba hakuwa na kosa, kwani aliitumia samadi yake kwa kufuata taratibu zilizowekwa. Vijidudu viitwavyo E. coli vikaingia katika mabomba ya mji mzima. Watu zaidi ya 2,300 wakaugua, na saba wakafa.

Sasa sikilizeni namna mlango ulivyoachwa wazi. Kanuni ilitaka maji yatiwe klorini, na baada ya robo saa ibakie nusu miligramu katika kila lita. Waliokuwa wakisimamia visima walitia pungufu, wala hawakupima kila siku kama walivyopaswa, lakini katika daftari waliandika tarakimu za kupendeza, kana kwamba wamepima. Hawakuwa watu wabaya waliotaka kuua. Wao wenyewe waliyanywa maji ya kisimani bila ya dawa na kuyasifu. Vyeti vya kazi walipewa kwa ajili ya miaka waliyotumika, pasi na mtihani. Nao raia wa mji walikuwa wakilalamika klorini ikizidi, kwa kuwa hawakuipenda ladha yake. Na katika kisima kingine, chombo kipya cha kutilia klorini kilikuwa kimekwisha kununuliwa, kikakaa zaidi ya mwaka bila ya kufungwa!

Tarehe 17 Mei maabara iliwaarifu wasimamizi kwamba maji yameharibika. Haikumwarifu daktari wa afya wa wilaya, kwa sababu Serikali ya jimbo ilikuwa imeziacha kazi za kupima maji mikononi mwa maabara za watu binafsi bila ya kuweka sheria ya kuzilazimisha zitoe habari kwake. Tarehe 19 ofisi ya afya ikauliza, ikajibiwa kwamba maji ni salama. Tarehe 21 daktari, kwa kufuata dalili za wagonjwa wake, akawaonya watu wachemshe maji. Watu walikuwa wameyanywa siku tisa.

Jaji Dennis O'Connor alitoa sehemu ya kwanza ya taarifa yake mwezi wa Januari 2002. Alisema kwamba lau Kisima cha 5 kingefungwa vipimo vinavyopima klorini na ukungu wa maji saa zote, balaa lile lingezuilika. Na alisema neno ambalo twawaomba mlitie moyoni: waliosimamia maji ya mji ule hawakukosa fedha za kununua vipimo hivyo. Fedha walikuwa nazo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza. Wajumbe wa tume ya maji walipokea taarifa, wakazikunja, wakaenda zao. Hasara iliyoufika mji ule mdogo ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 64 za Kanada, mbali na roho za watu, ambazo hazina thamani ya kukadiriwa. Wahenga wamesema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza kuwa daftari lenye uwongo ni baya kuliko kutokuwa na daftari, kwani humlaza mtu usingizi.

Baada ya msiba ule jimbo la Ontario lilitunga sheria mpya katika mwaka huo wa 2002. Wasimamizi wa maji wakalazimishwa kusoma na kufanya mtihani. Maabara zikalazimishwa kutoa habari mbaya moja kwa moja kwa wakubwa wa afya. Na baadaye kila mji ukatakiwa, kabla ya kupewa leseni ya kuendesha maji yake, uonyeshe mpango wa fedha wa miaka isiyopungua sita, yaani nini kitachakaa, lini, na kitalipiwa kwa fedha gani.

Ndugu Wanachama, jambo hilo la mwisho ndilo gumu kwetu. Sisi twajua kufungua, lakini kutunza hatujakuzoea. Waya wa umeme wa kwanza kupita chini ya bahari kutoka Bara hadi Unguja uliwekwa 1980. Twakumbuka sote kilichotokea ulipoharibika: karibu mwezi mmoja wa kiza katika 2008, kisha tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Umeme ulipokatika pampu zikasimama, na pampu ziliposimama wanawake wakarudi kujitwisha ndoo. Waya mwingine, wenye nguvu ya megawati 100, ulifunguliwa 2013 kwa msaada wa Marekani. Twashukuru. Lakini huo nao umekwisha kuanza kuzeeka tangu siku ile ulipozamishwa baharini.

Basi natufanye hesabu ndogo. Tuseme mji wetu una nyumba elfu moja, na pampu yake imegharimu shilingi milioni 30, nayo yadumu miaka 15. Ili tuweze kununua nyingine itakapokufa, yatupasa tuweke akiba ya milioni 2 kila mwaka. Tukizigawanya kwa nyumba elfu moja, ni shilingi 2,000 kwa mwaka, haifiki shilingi 170 kwa mwezi. Bei hupanda, kwa hiyo hesabu ipitiwe tena kila mwaka. Bomba refu litakalodumu miaka arubaini si dhambi kulijenga kwa mkopo, maana wajukuu watakaolitumia ni haki nao walichangie. Lakini kukopa kwa ajili ya mafuta ya pampu na mishahara ya mwezi ni kula mbegu. Na masikini asiyeweza kulipa awekewe mfereji wa umma, gharama yake iandikwe wazi kuwa ni msaada, isifichwe ndani ya deni ambalo hakuna atakayelilipa.

Kwa hiyo, kila Serikali itakapotuletea habari ya mradi mpya katika mji wowote wa visiwa hivi, tusiishie kuuliza umegharimu kiasi gani na utafunguliwa lini. Tuulize, kwanza, nani atakayepima, na alifunzwa wapi? Pili, akipata jibu baya, ni nani mwingine atakayeambiwa siku ile ile? Tatu, akiba ya kununulia pampu ya pili iko wapi, na hesabu yake itabandikwa wapi ili raia aisome? Mradi usiokuwa na majibu ya maswali hayo matatu haujakwisha, hata kama utepe umekwisha kukatwa.

Wapo watakaotuambia kwamba chama cha upinzani hakipati kura kwa kuwaambia watu walipe. Huenda wakawa wanasema kweli. Ni rahisi kwetu kusimama jukwaani tukaahidi maji ya bure kwa kila nyumba, tukapigiwa makofi. Lakini chama kinachotaka kukabidhiwa nchi hakina budi kwanza kionyeshe kuwa chajua kutunza mfereji mmoja. Tukidai hesabu kwa wengine, nasi tuwe tayari kusomewa za kwetu, kuanzia sanduku la tawi hili. Na siku tutakapopewa madaraka, maswali yale matatu tutaulizwa sisi, tena na watu hawa hawa mliokaa nao barazani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Walkerton waliuona ufa miaka mingi, wakajenga makaburi saba. Sisi tumeusikia msiba wao bila ya kulipa chochote. Tusiipoteze faida hiyo.