Kuwasaidia Wazee Wetu Katika Matumizi ya Simu



Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika Suratu Bani Israil, aya ya 23, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuwatendea wema wazazi wetu, akatukataza hata kuwagunia wanapofikia uzee. Leo tunapenda kuitazama amri hii mahali ambapo wengi wetu huivunja pasi na kujua: pale mzee anapotuuliza kwa mara ya tatu namna ya kuitumia simu yake.

Huduma ya kupeleka fedha kwa simu ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Mzee aliyezoea kupokea fedha mkononi na kuzihesabu, sasa huletewa ujumbe wa maandishi madogo. Hata ziara ya Madina imebadilika: atakaye kusali katika Raudha huomba kwanza kibali kwa programu ya Nusuk, iliyoanzishwa na Saudi Arabia mwaka 2022. Mzee asiye na wa kumwelekeza huenda akafika mlangoni akazuiwa.

Wazee wetu hawakukosa akili ya kujifunza. Wamo waliohifadhi Kurani, na waliofanya biashara maisha yao yote kwa hesabu ya kichwa. Kinachowazuia ni hofu ya kubonyeza pasipo na kupoteza fedha, macho yaliyopungua nguvu, na haya ya kuuliza kila siku. Hofu hiyo hupungua akiwapo karibu mtu mpole.

Basi tuwafundishe kama walivyotufundisha wao, alifu kwa kijiti, herufi moja moja. Kwanza tuyakuze maandishi ya simu. Kisha tufundishe jambo moja tu, na simu ibaki mkononi mwa mzee, kidole chake ndicho kibonyeze. Kwani akifanyiwa leo, kesho atakuwa hajui vile vile. Tumwandikie hatua katika karatasi, na aliyesoma chuoni kwa herufi za Kiarabu tumwandikie Kiswahili chake kwa herufi hizo. Tuanze na lile analolitamani, kama kumwona mjukuu wake aliyeko Maskati au London. Furaha hiyo itamtia hamu ya mengine.

Tena ipo amana. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu amefundisha kwamba mdaiwa akiwa dhaifu, hawezi kuandikisha deni mwenyewe, basi msimamizi wake aandikishe kwa uadilifu. Namba ya siri ya mzee ni ufunguo wa sanduku lake. Anayeweza kuihifadhi, aachiwe. Asiyeweza kabisa, ateue mtu mmoja mwaminifu, naye amsomee kila ujumbe, na kiasi kilichomo kabla ya kutoa na baada ya kutoa. Kijana anayejichotea kidogo akasema ni makato ya simu, amekula mali ya mzee kwa dhulma, ijapokuwa ni ya babu yake.

Tuwatahadharishe pia na matapeli: mwenye kupiga simu akidai ni mfanyakazi wa kampuni na kutaka namba ya siri, au mwenye kuleta ujumbe kwamba ile fedha itumwe kwa namba nyingine. Mzee na ajue kwamba anaweza kukata simu na kumwita mtu wake kwanza. Naye akiisha kutapeliwa, tusimkemee. Mwenye kukemewa huficha, na anayeficha huibiwa tena.

Enyi wanafunzi, misikitini mwetu wamo wazee wanaongoja Isha baada ya Magharibi. Kaeni nao barazani robo saa, mwaulize ni lipi linalowatatiza. Mtafundisha kidogo, na mtarudi na dua zao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie subira ya kuwahudumia wazee wetu, ailinde mali yao mikononi mwetu, na atupe sisi nasi, tukizeeka, watoto wasiotugunia. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.