Baraza bila meno ni danganya toto



Nimeombwa nizungumzie vyombo vya umma vya kuhifadhi mazingira. Najua wengine mmeshaguna: hayo mambo ya tembo na watalii yanatuhusu nini sisi wa mjini? Yanatuhusu. Tuanzie dampo la Tabata.

Mwaka 1983 Bunge lilipitisha sheria namba 19 iliyounda Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Jina zito, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuishauri Serikali. Kushauri tu! Mchafuzi akikaidi, Baraza halikuwa na rungu.

Basi nani aliwatetea watu wa Tabata waliokuwa wakivuta moshi wa taka usiku na mchana? Walijitetea wenyewe. Mwaka 1988, Baraza likiwa na umri wa miaka mitano, wakazi walikwenda Mahakama Kuu wakalibwaga Jiji. Jiji likaamriwa liache kutupa taka pale. Likaanza kuomba muda, muda juu ya muda. Kisha taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Huko nako, mwaka 1991, mamia ya wakazi wakalishitaki, nao wakashinda. Mnajua taka zikaenda wapi? Vingunguti, jirani na mto Msimbazi! Taka za mji mzima zikawa zinatembea mtaa hadi mtaa, kama zinamtafuta mlalahoi asiyejua njia ya mahakamani.

Ilichukua miaka 21 Baraza kuoteshwa meno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ililipa uwezo wa kukagua, kutoza faini na kushitaki. Sawa. Lakini meno hayo yanamng'ata nani? Sheria hiyo hiyo ilisema Mwenyekiti wa Bodi na Mkurugenzi Mkuu wateuliwe na Rais. Mteule ambaye kiti chake kinaweza kuota mbawa usiku mmoja, atathubutu kumgusa kigogo mwenye kiwanda? Ni rahisi zaidi kumkimbiza mama sokoni kwa mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku mwaka 2019.

Kwa miaka mingi imedaiwa kwamba dawa ni kuligeuza Baraza liwe Mamlaka. Jamani, kubadili kibao cha mlangoni si kubadili nyumba! Tudai wakuu waombe kazi hadharani na wathibitishwe na Bunge. Tudai ripoti za ukaguzi wa viwanda zibandikwe ofisi ya Serikali ya Mtaa, kila mtu asome.

Na tusingoje kuletewa. Kifungu cha 4 cha sheria ya 2004 kinampa kila mkazi haki ya mazingira safi na salama. Cha 5 kinampa haki ya kwenda mahakamani. Wale wa Tabata hawakuwa na vifungu hivyo, na bado walishinda. Sisi tunavyo, lakini tumekaa kijiweni tunabishana Simba na Yanga, huku Msimbazi unapita mweusi.