Mzigo wa Dharura Mikoani Usiachiwe Daktari Peke Yake



Katika hospitali ya rufaa ya mkoa, kliniki hufungwa alasiri na ofisi hufungwa jioni. Mlango wa dharura haufungwi. Usiku mmoja huweza kuingia majeruhi wa pikipiki, mama mjamzito anayetokwa na damu, mtoto mwenye malaria kali na mzee aliyepooza ghafla. Wote humtegemea daktari wa zamu, ambaye mara nyingi ndiye huyohuyo anayeitwa pia wodini.

Hapana budi kukiri kwamba Taifa halikukaa kimya. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara ya dharura, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikajenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi. Hizo ni hatua za kujivunia. Lakini jengo halitibu, wala mashine haiamui nani atangulizwe. Anayeamua ni binadamu, na binadamu huchoka.

Huduma za tiba zimepangwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha mkoa. Kidato kimoja kinapolegea, uzito wake humwangukia daktari wa mkoa. Zahanati isipotoa huduma usiku, mwenye homa ya kawaida hupanga foleni pamoja na mahututi. Gari la wagonjwa likikosa mafuta, mama hufika akiwa taabani, na kazi ya saa moja huwa ya usiku kucha. Kwa hiyo uchovu wa daktari si uzembe wake. Ni jumla ya kasoro za ngazi nzima.

Daktari aliyekesha ni rahisi kukosea kipimo cha dawa, na anayeumia ni mgonjwa. Mapumziko yake, basi, si upendeleo. Ni nyenzo ya tiba kama ilivyo damu salama na oksijeni, na yapaswa kupangiwa ikama na fedha.

Wajibu umegawanyika. Wakuu wa hospitali wapange zamu zenye kikomo, na wagonjwa wachambuliwe mlangoni kwa uzito wa hali zao. Maofisa mipango wahakikishe kila jengo jipya linafuatana na kibali cha ajira ya madaktari na wauguzi. Halmashauri ziwezeshe zahanati na vituo vya afya kufanya kazi usiku. Walimu wafundishe huduma ya kwanza na usalama barabarani, kwani jeraha lililozuiwa halihitaji daktari.

Kazi hiyo haiingojei Wizara ya Afya peke yake. Kila ofisi na kila shule ina sehemu yake, na yafaa ianze sasa.