Shimo la Utafiti Siyo Kisima cha Mafuta

Maneno yaliyosemwa na watumishi wetu mbele ya wajumbe wa kamati za parokia, Endasak, wilaya ya Hanang



Mkutano huu tuliuandaa kwa ajili ya kisima cha maji na michango yake. Lakini kila tulipopita kuwaalika, tulikutana na swali moja: "Ni kweli kuna mafuta huko Eyasi?" Na nyuma ya swali hilo kuna jingine ambalo watu hulisema kwa sauti ndogo: tuuze mashamba sasa, au tungoje bei ipande? Kwa hiyo tumeona maji yangoje kidogo.

Ukweli ni kwamba Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, limekuwa likitafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, ng'ambo ya nyanda za juu za Mbulu. Kwanza ndege ilipita ikipima uzito wa miamba kutoka angani. Kisha vikachorongwa visima vifupi katika mikoa ya Tabora, Singida na Simiyu, na baadaye ikaja kazi ya kupima kwa mitetemo. Watu waliona mtambo, wakaona mabomba, wakasema mafuta yametoka. Hapo ndipo tunapowaomba mtusikilize vizuri, maana visima vile havikuchorongwa ili vitoe mafuta. Vilichorongwa ili kusoma matabaka ya ardhi, kama mtu anayefungua kurasa za kitabu kilichofukiwa.

Wanasoma nini humo? Bonde la Ufa lilipopasuka, ardhi katikati ilididimia, na maziwa yakajaa pale ilipodidimia. Mito ikaleta mchanga na tope, na vijimea vidogo vya majini vikafa na kuzama chini. Tabaka juu ya tabaka, kwa mamilioni ya miaka. Tope lenye mabaki hayo likizikwa chini sana, hupikwa na joto la ardhi. Joto likiwa dogo, hakuna mafuta. Likizidi, mafuta hugeuka gesi. Basi mtaalamu anatafuta mambo manne kwa pamoja: mwamba uliozaa mafuta, mwamba wenye vitundu, kama jiwe la mchanga, unaoweza kuyahifadhi, mwamba mzito juu yake, kama udongo wa mfinyanzi ulioshikana, unaoyazuia yasipotee, na umbo la miamba lililopinda au kukatika hata likawa mtego. Likikosekana moja tu, kisima ni kikavu.

Ndiyo maana ndege ilitangulia. Mashapo ya ziwa ni mepesi kuliko itale iliyo chini yake, hivyo pale uzito unapopungua, mashapo huenda ni manene. Mitetemo nayo hutumwa chini, inagonga matabaka na kurudi, na wataalamu huchora picha. Lakini picha haionyeshi kama ndani ya mwamba mmejaa mafuta au maji ya chumvi. Hilo hujulikana kwa kuchoronga kisima kirefu cha utafiti. Tope maalumu huzungushwa ndani ya shimo ili kupooza kekee, kupandisha vipande vya mwamba na kuzuia nguvu inayosukuma kutoka chini. Kila vipande vinavyopanda huoshwa, huangaliwa na kuandikwa kina chake. Na hata mafuta yakionekana, kisima hupimwa kuona kama yanatiririka kwa kiasi cha kulipa gharama.

Jambo hili ninyi mnalijua kuliko mnavyodhani. Sisi wenyewe tumewahi kuleta mtambo wa maji baada ya kupima vizuri, watu wakaimba, na shimo likatoka kavu. Tuliwaandikia wafadhili barua ngumu kuliko zote tulizowahi kuandika. Na pale maji yanapotoka, bado tunapeleka chupa maabara, kwa sababu nchi yetu hii ya volkano ina floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya watoto wetu yanaeleza kinachotokea ikizidi. Kuona maji siyo kuwa na maji ya kunywa, na kwa mafuta ni vivyo hivyo.

Kuhusu muda, tazameni majirani. Uganda ilichorongwa kisima cha Waki karibu na Ziwa Albert mwaka 1938, kikaonyesha dalili. Ugunduzi wa maana ukaja mwaka 2006. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha ulifanyika Februari 2022. Gesi yetu ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikafika Dar es Salaam mwaka 2004. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ya ugunduzi alikuwa na miaka 50. Kule Turkana, Kenya, kisima cha Ngamia kilileta furaha mwaka 2012, lakini furaha hiyo haikugeuka utajiri wa haraka kwa wafugaji.

Sasa mashamba. Kuna madalali wanaopita wakisema serikali itachukua ardhi bure, afadhali uuze leo. Msiwasikilize. Mafuta yaliyo chini ni mali ya taifa, hilo ni kweli, wala hakuna mwenye shamba atakayeyauza. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikumwacha mwanakijiji. Ardhi ya kijiji inapotakiwa kwa manufaa ya umma, haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kulipwa na wakati wake vikubaliwe. Mkutano wa kijiji una sauti, na muhtasari wake ni silaha. Hapa tunasema bila kuficha: vijiji vingi tulivyotembelea muhtasari haupo, au umeandikwa baada ya mkutano na mtu mmoja. Na mama mjane ambaye shamba lake linajulikana kwa jina la shemeji yake atalipwa na nani?

Mtauliza kama mafuta yanaweza kuwa hapa Endasak. Mlima Hanang ni volkano, na mwamba wa volkano hauzai mafuta. Miamba yake ina mambo mengine ya kutushughulisha. Desemba 3, 2023, sehemu ya mlima iliyolegea na kujaa maji ilimeguka, matope yakashuka Katesh, na ndugu zetu zaidi ya 80 wakafa. Siku zile wengine walisema volkano imelipuka, hata wataalamu walipokuja na kueleza vingine. Tukiwa na mtu wa kuleta kijijini swali la miamba, na tumlete kwa ajili ya mlima huu kwanza.

Tunaomba kila kamati irudi na mambo mawili kabla ya mkutano ujao: orodha ya mashamba ya wajane na yatima pamoja na mipaka yake, na nakala ya muhtasari wa mkutano wa kijiji uliopita. Na sasa turudi kwenye maji. Mtunza hazina ana daftari la michango, na parokia tatu bado hazijaleta.