Mkulima, Mgeni na Uzuri wa Miombo

(Mada iliyotolewa kwa kamati za sharika, Urambo)



Kila mwaka kabla ya mvua kuanza, miombo ya Urambo huchipua majani mapya, mengine mekundu, mengine ya rangi ya shaba. Wageni wetu husimamisha gari wakapiga picha. Wenyeji huendelea na kazi zao. Baadhi ya wageni wametuuliza kama watu wa hapa hawauoni uzuri huo. Tunaomba kulijibu swali hilo leo, kwa kuwa linagusa miradi yetu ya miti.

Wanafalsafa wa Ulaya walilishughulikia jambo hili zamani. Mwaka 1757 Edmund Burke, mzaliwa wa Ireland, alitenganisha uzuri unaotupendeza kwa upole wake na ukuu unaotisha, kama ule wa bahari kuu au giza nene. Alieleza kwamba ukuu huo hutufurahisha pale tu hatari inapokuwa mbali kidogo. Ikitukaribia mno, inabaki hofu tupu. Mwaka 1790 Mjerumani Immanuel Kant alifundisha kwamba anayeamua kuwa kitu ni kizuri hapaswi kuongozwa na maslahi yake. Alimtaja pia mkulima wa Savoy, kwenye milima ya Alps, aliyewaita wapumbavu wote wanaoipenda milima ya barafu. Kwa maoni ya Kant, mtu ambaye hajalelewa vya kutosha huona kitisho tu mahali ambapo wengine wanaona ukuu.

Hapo sisi tunatofautiana naye. Mkulima yule hakukosa macho, bali aliishi karibu na hatari ya barafu. Tuitazame historia yetu wenyewe. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani walilivuka pori la Mgunda Mkali, kati ya Unyanyembe na Ugogo. Jina lenyewe linatosha kueleza walivyoliogopa. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, abiria alianza kulitazama pori lile akiwa ameketi dirishani. Kilichobadilika ni usalama wa mtazamaji.

Ndivyo ilivyo kwa miombo. Mgeni hana deni la pembejeo. Mkulima wa tumbaku analo, na bani lake la kukaushia haliendi bila kuni. Akiutazama mti, anahesabu siku ambazo moto utawaka. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Lakini msikilizeni mrina asali akiueleza mti uliochanua. Maslahi anayo, na uzuri anauona vizuri sana. Kwa hiyo maslahi peke yake hayampofushi mtu. Kinachompofusha ni hofu ya kesho.

Kutokana na hayo tuna maombi mawili.

Kwanza, kwa kamati. Mashamba ya mikaratusi kwa ajili ya kuni za mabani yaendelee kupandwa, kwani yanaupunguzia msitu mzigo. Lakini kila usharika ukubaliane na serikali ya kijiji kuacha kipande cha miombo ya asili kisichoguswa. Kwenye fomu ya mradi, sehemu ya faida, pamoja na asali na kivuli, andikeni bila aibu: "unapendeza".

Pili, kwa wafadhili. Picha ya majani mekundu haitoshi kuulinda msitu. Saidieni mabani yanayotumia kuni chache, mizinga ya nyuki, na mazao yatakayompa mkulima kipato kingine nje ya tumbaku. Mkulima akipunguziwa hofu, atapata nafasi ya kuutazama msitu wake, na anayeutazama ndiye atakayeulinda hata mradi ukiisha.

Tunaomba kila kamati ituletee pendekezo la kipande chake kabla ya msimu wa kupanda miti.