Deni Litakuwa Maradufu Lini?

Shikeni kalamu na karatasi, na jedwali la logarithi liwe karibu.

Tuseme mama muuza maandazi wa Temeke amekopa shilingi 100,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, mkopo wa aile ambayo watu huiita kausha damu. Riba ni asilimia 10 kwa mwezi, na asipolipa, riba nayo hutozwa riba. Je, atadaiwa shilingi 200,000 baada ya miezi mingapi? Wengi watajibu 10. Sivyo.

Kila mwezi deni huzidishwa kwa 1.1. Tukiiita idadi ya miezi n, mlinganyo wetu ni huu:

1.1ⁿ = 2

Tazameni, n imekaa juu, kwenye kipeo. Kujumlisha na kugawanya peke yake hakuwezi kuifikia. Logarithi ndiyo itakayoishusha. Mnakumbuka kuwa logarithi ya 100 ni 2, kwa sababu 10 × 10 = 100. Kanuni yasema: logarithi ya namba yenye kipeo ni kipeo hicho mara logarithi ya namba yenyewe. Basi:

n × log 1.1 = log 2

Jedwali latupa log 1.1 = 0.0414, na log 2 = 0.3010. Sasa gawanyeni: n = 0.3010 ÷ 0.0414, yaani 7.27. Riba huongezwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo deni litapita maradufu mwezi wa 8. Asiyeamini na azidishe kwa mkono: mwezi wa 7 ni shilingi 194,872, na wa 8 ni 214,359. (Kazi hiyo ya kuzidisha ndiyo John Napier wa Uskoti alitaka kuwapunguzia watu alipochapisha majedwali yake mwaka 1614.)

Je, deni litakuwa mara 4 lini? Kanuni nyingine yasema logarithi za namba zinazozidishwa hujumlishwa. 4 ni 2 × 2, basi log 4 = 0.3010 + 0.3010 = 0.6020. Gawanyeni tena kwa 0.0414, mtapata 14.54. Mwezi wa 15 mama huyu atadaiwa zaidi ya 400,000, naye alipokea 100,000 tu.

Zoezi la nyumbani: mkopeshaji wa Kinondoni anatoza asilimia 20 kwa mwezi. Log 1.2 ni 0.0792. Deni litakuwa maradufu mwezi wa ngapi? Andikeni hatua zote, mleteni darasani.